Kipande cha Ubongo Wangu

Wengi huzikwa bila kuwahi kuuona ubongo wao. Mimi niliuona wangu, kipande chake kidogo, Jumamosi moja asubuhi katika maabara iliyo karibu na Westlands, baba yangu akiwa amesimama nyuma yangu amevaa suti aliyofungia ndoa. Ninapowasimulia watu huniuliza kama sikuogopa. Niliogopa kidogo. Lakini zaidi ya woga niliona fahari, na nitaeleza ilivyokuja.

Wakati huo nilikuwa mkataji katika duka la sare za shule katikati ya jiji, ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Mkataji si mshonaji. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea, kitambaa kimekwisha. Nilitandaza vitambaa tabaka juu ya tabaka, nikachora kwa chaki, halafu nikaingiza mkasi mkubwa na kukata sketi nyingi kwa mkupuo mmoja. Januari, wazazi walipojaa ngazini na watoto wao, mwenye duka alikuwa akisema kwa sauti ili wote wasikie, "Huyu msichana hakati, anaandika." Nilikuwa hodari na nilijijua.

Nilikuwa pia na kifafa.

Si kile cha kuanguka na kutoa povu ambacho majirani zetu wa Riruta walikijua, ingawa mara chache nacho kilinipata. Changu kilianza na harufu ya maziwa yanayoungua. Kisha tumbo lilipanda kama la mtu aliye kwenye lifti, kisha sikuwepo. Walioniona ndio walionieleza yaliyofuata: macho yanakodolea mahali pamoja, mdomo unatafuna kitu kisichokuwepo, vidole vinapapasa pindo la sketi kana kwamba natafuta pini iliyopotea. Haikuchukua muda. Nikirudi nilikuta watu wananitazama na mimi sikumbuki nilikuwa nikisema nini.

Siku moja niliondoka hivyo nikiwa na mkasi mkononi, na mkono ukaendelea na kazi peke yake. Niliporudi, rundo zima la kitambaa cha kijivu lilikuwa limekatwa mshazari, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenye duka hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliutoa mkasi vidoleni mwangu polepole, kama anayemnyang'anya mtoto kitu chenye ncha, akaniambia, "Kuanzia leo utashona vifungo. Ni kwa usalama wako." Mkasi ukapewa mwingine, na mimi nikahamia kwenye kiti cha pembeni, karibu na dirisha, nikashona vifungo msimu hadi msimu.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Baba. Mama alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Baba alikuwa na ploti kando ya barabara inayoshuka kutoka Naivasha Road, vyumba vya kupangisha mbele na ng'ombe wawili nyuma, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Aliniita "mama" kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi yetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na msimamo mkali. Wapangaji wakiniona nimekodoa macho uani, ndoo ya maji mkononi, aliwaambia, "Ni presha. Mama yake pia alikuwa na presha." Neno kifafa halikuwahi kutamkwa katika nyumba yetu. Vidonge vyangu vilikaa kabatini nyuma ya sahani za wageni.

Vidonge hivyo vilinisaidia nusu. Vilipunguza kuanguka, lakini harufu ya maziwa ilirudi wiki baada ya wiki, na niliishi kama mtu aliyelala nusu. Mwishowe daktari wa kliniki alinituma nikapigwe picha ya ubongo, na ile picha ikanifikisha kwa daktari wa upasuaji. Aliibandika kwenye taa, akaonyesha kwa kalamu.

"Hapa upande wa kulia, ndani, usawa wa sikio, kuna kovu," alisema. "Mambo yako yote yanaanzia hapo. Dawa tumejaribu. Hii sehemu naweza kuitoa, na kwa picha hii, upande wa kushoto uko sawa kuendelea na kazi."

"Kuitoa kabisa?" Baba aliuliza.

"Kabisa, mzee."

Baba alisimama, akavaa kofia. "Asante daktari," alisema. "Kichwa cha mtu si kopo la kufunguliwa." Tukaondoka.

Tulirudi nyumbani. Nilimfuata zizini, nikamkuta akimkamua ng'ombe ambaye hakuwa amefikia saa ya kukamuliwa.

"Baba, mimi nitaenda," nikamwambia.

"Mama, ukifia pale mezani, nikifa nitamwambia nini mama yako?"

"Mwambie nilikuwa nimechoka kushona vifungo."

Aliendelea kukamua. Nilisikia maziwa yakigonga ndoo. Kisha akasema, bila kugeuka, "Hilo atalielewa. Hata yeye hakupenda kuwekwa pembeni." Ndivyo nilivyopewa ruhusa, ingawa nilikuwa mtu mzima na ningeweza kwenda bila ruhusa. Nilitaka kwenda naye.

Siku moja kabla ya upasuaji, nikiwa kitandani wodini, alikuja msichana wa rika langu aliyevaa koti jeupe lililompita mabega. Lafudhi yake ilikuwa ya watu wa Ukambani, na alikuwa na tabia ya kukaa kwanza kabla ya kuanza kusema, jambo ambalo madaktari hawalifanyi. Alinieleza kwamba si daktari wa wodi. Alikuwa akisomea shahada ya juu na kufanya utafiti kuhusu kifafa. Alitaka kuniomba kitu.

"Kesho wakitoa ile sehemu, itapelekwa maabara ya hospitali waichunguze kama kawaida," alisema. "Kitakachobaki, naomba kipande kidogo. Lakini ukisema hapana, hakuna mtu atakasirika. Matibabu yako ni yale yale."

"Unakitakia nini?"

Akavuta kiti karibu. Nakumbuka alivyojaribu maneno, akiacha moja na kuchukua lingine, maana kitu alichokisoma kwa Kiingereza alitaka nikisikie kwa lugha yangu.

"Ndani ya ubongo kuna seli za aina mbili kubwa," alisema. "Kuna zinazochochea. Moja ikiamka inaamsha jirani, jirani anaamsha jirani. Bila hizo huwezi kufikiria wala kuinua mkono. Halafu kuna zinazotuliza. Hizo ni chache, lakini moja inagusa majirani wengi sana, na kazi yake ni kuwaambia, basi, inatosha. Mtu mwenye kifafa, mahali kifafa kinapoanzia, uchochezi unakimbia na hakuna wa kuuzuia."

"Kwa hiyo zangu za kutuliza zimekufa."

"Hivyo ndivyo watu walivyofikiri zamani. Zimekufa, mambo yamekwisha. Lakini si zote zinazokufa. Mimi nataka kujua zile zilizobaki zinafanya nini." Akatabasamu kwa aibu kidogo, kama aliyetaja mchumba wake. "Mimi naona hazikai bure."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinigusa hivyo. Labda kwa sababu wote waliowahi kunieleza kuhusu kichwa changu walikuwa wamenieleza kilichoharibika. Huyu alikuwa wa kwanza kuuliza kuhusu kilichobaki.

"Nitakupa," nikasema. "Lakini na mimi nataka kukiona."

Hilo lilimshangaza. Nadhani hakuwa amewahi kuombwa hivyo. "Lazima nimuulize msimamizi wangu," alisema. Jioni alirudi akipumua kwa nguvu kwa kupanda ngazi. "Amesema ni chako, una haki ya kukiona." Nikatia sahihi.

Upasuaji wenyewe siwezi kuusimulia kwa sababu sikuwepo. Ninachokumbuka ni kuamka, kichwa kimefungwa kama kilemba, taya limekaza, na Baba ameketi kando ya kitanda amepakata viatu vyangu mapajani.

"Kwa nini umeshika viatu?" nikamuuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Waliniambia niviweke chini ya kitanda," alijibu. "Nikaona nikiviweka chini nitakuwa nimekubali kwamba hutavihitaji."

Siku zikaanza kupita bila harufu ya maziwa. Mwanzoni sikuamini. Nilikuwa nikisubiri, na Baba naye alikuwa akisubiri. Nikinyamaza kidogo mezani alikuwa akiinua macho kutoka kwenye sahani kuhakikisha nipo. "Nipo," nilimwambia. Ikawa neno letu. Nywele ziliota, kovu likajificha, na bado nilikuwa nipo.

Nilikuwa nimeanza kuzunguka uani kulisha ng'ombe wakati yule mtafiti aliponipigia simu. "Dada, kiko tayari," alisema. "Njoo Jumamosi, watu huwa wachache."

Baba hakualikwa. Jumamosi hiyo nilitoka chumbani nikamkuta amevaa ile suti, na viatu amevipaka rangi.

"Unaenda wapi, Baba?"

"Hicho kitu kimenisumbua kabla hakijakusumbua wewe," alisema. "Na mimi nataka kukiona kwa macho."

Maabara ilikuwa juu katika jengo la zamani la chuo, madirisha yakitazama miti mikubwa inayoteremka kuelekea mtoni. Kulikuwa na harufu kali ya dawa, friji iliyokuwa ikinguruma, na meza ndefu yenye hadubini mbili. Mtafiti alimsalimu Baba kwa mikono miwili na kumvutia kiti. Kisha akatoa kisanduku bapa, akachomoa kipande cha kioo, akakielekeza dirishani. Ndani ya kioo kulikuwa na doa dogo, jembamba kuliko karatasi, lililojikunja kama mkia wa farasi wa majini ninayemwona kwenye picha za vitabu vya watoto.

"Ni hiki?" nikauliza.

"Ni sehemu yake. Nimekikata vipande vyembamba sana, nikavitia rangi. Kahawia ni seli za kutuliza. Buluu ni zile nyingine."

Alianza kwa kunionyesha kioo ambacho si changu. Kilitoka kwa mtu aliyekufa kwa ajali, ambaye hakuwahi kuwa na kifafa, na ambaye jamaa zake waliridhia. Niliweka jicho. Nilihitaji muda kujifunza kuangalia. Kisha nikaona: mstari mnene wa nukta za buluu, zimepangwa vizuri kama ushanga, na kati yake seli za kahawia hapa na pale, kila moja na nyuzi zake laini zinazokwenda zinakotakiwa. Kama fundi, niliielewa kazi hiyo. Ilikuwa kazi safi.

Akabadilisha kioo. "Sasa wewe."

Ile buluu ilikuwa imekatikakatika. Mahali pengine palikuwa peupe kabisa, kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Seli za kahawia zilikuwa chache mno, nyingi hazikuwepo tena mahali zilipopaswa kuwa. Nikataka kutoa jicho.

"Usiangalie pengo," alisema, kana kwamba ameona ninachokiona. "Angalia zilizobaki. Fuata moja."

Nikafuata moja. Ilikuwa upande wa chini, imesimama peke yake penye weupe. Kutoka kwake nyuzi zilichipuka, si mbili tatu kama kwa yule mwingine, bali nyingi, zimegawanyika na kugawanyika tena, zinapanda kuvuka pengo hadi kwenye nukta za buluu zilizokuwa hai bado, zinazizunguka, zinapita, zinakwenda kwa nyingine. Nikaangalia jirani yake wa mbali. Hivyo hivyo. Zilikuwa zimefika mahali ambapo kwenye kile kioo cha kwanza hapakuwa na uzi wa kahawia hata mmoja.

"Hazikuzaliwa hivyo," mtafiti alisema kwa sauti ya chini. "Wenzao walipokufa, hizi ziliota matawi mapya. Zilikwenda kushika kazi ya waliokufa. Miaka yote hiyo ulipokuwa shuleni, hata ulipoanza kazi, zilikuwa zinafanya hivyo."

Nilikaa na jicho pale. Nilikuwa nimelichukia lile kovu maisha yangu yote, nikilihesabu kuwa ndio uvivu wangu, aibu yangu, vifungo vyangu. Kumbe ndani yake kulikuwa na wafanyakazi wachache walioachiwa kazi ya wengi, nao wasiitupe kazi hiyo. Niliona fahari kama ya mtu anayesikia habari za ukoo wake kwa mgeni. Nikasema tu, "Zimejitahidi."

"Zimejitahidi sana."

"Sasa mbona bado nilikuwa naondoka?"

Hapo ndipo nilipompenda. Angeweza kunipa jibu tamu. Badala yake alikuna shingo. "Kwa sababu hata zile za kuchochea huota matawi," alisema. "Zinarudi kujigusa zenyewe, moja inaamsha nyingine na ile inairudishia. Na hizi za kutuliza zikishika wengi mno, pengine zinawanyamazisha wote kwa pamoja, halafu wote wanaamka kwa pamoja, na hiyo nayo si nzuri. Kuna wanaosema matawi haya mapya yanasaidia. Kuna wanaosema yanachangia ugonjwa. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Baba alikuwa amekaa kitini muda wote huo. Sasa akainuka, akavua miwani, akaiona hadubini haimkubali, akaivaa tena. Mtafiti akamrekebishia. Baba alitazama kwa muda mrefu kuliko mimi.

"Hili pengo," alisema akiwa bado ameinama, "lilianza lini?"

"Ni vigumu kusema, mzee. Akiwa mdogo, aliwahi kushikwa na degedege?"

Baba akasimama wima. Alinitazama mimi, si mtafiti, na akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia.

"Alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake alikuwa ameenda shambani, akaniachia mimi. Nilimlaza kitandani nikatoka kuwapa ng'ombe maji. Niliporudi nilimkuta chini, sakafuni, anatetemeka mwili mzima. Nilimbeba nikakimbia hadi zahanati, na njia nzima alikuwa akitetemeka mikononi mwangu. Nikajua ni kichwa. Ameanguka akagonga kichwa, na ni mimi niliyemwacha. Sikumwambia mama yake. Mpaka anakufa sikumwambia."

Mtafiti aliuliza taratibu, "Alikuwa na joto siku hiyo?"

"Tangu asubuhi. Alikuwa moto kama sufuria."

"Mzee," alisema, "mtoto hakushikwa na degedege kwa sababu alianguka. Alianguka kwa sababu alishikwa na degedege. Ni homa iliyomshika. Siwezi kuapa mbele yako kwamba kovu hili ni la siku ile, lakini sura hii tunaiona sana kwa watu waliopata degedege refu la homa wakiwa wadogo. Na wewe ulikimbia naye. Wengine huwapeleka watoto kwa waganga kwanza."

Baba alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akaketi. Alitoa kitambaa mfukoni, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Kwa hiyo si presha," alisema hatimaye, na sisi wawili tukaangua kicheko, naye akacheka, nami nikamshika bega.

Nilirudi kazini baada ya daktari kuniruhusu. Mwenye duka alinipokea vizuri na kunionyesha kile kiti cha dirishani. Nikamwambia nataka meza. Alinitazama kichwani, palipokuwa na nywele fupi, akasita, kisha akatandaza tabaka chache za kitambaa, akaniwekea mkasi, akasimama pale pale mikono nyuma. Nilikata. Alipoviinua vipande na kuvilinganisha kingo kwa kingo, havikupishana. Alikwenda ngazini na kumwambia mzazi wa kwanza aliyemkuta, "Subiri kidogo, mama, mkataji wetu amerudi."

Baadaye mtafiti alitualika tena, safari hii kusikiliza akiitetea kazi yake mbele ya walimu wake. Alikuwa ameniuliza kama napenda jina langu lifichwe, na nikasema lifichwe kwenye maandishi, lakini mimi mwenyewe sitajificha. Tuliketi nyuma, mimi na Baba, katika ukumbi mdogo uliojaa watu wa makoti meupe. Aliongea kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho sikukishika chote, lakini ukutani lilipotokea lile pengo na zile nyuzi za kahawia zikivuka, kubwa kama mlango, nililitambua mara moja. Baba alinigusa kwa kiwiko. "Ni wewe," alinong'ona.

Walimu waliuliza maswali makali. Mmoja, mwenye mvi na sauti nzito, akauliza, "Na aliyetoa kipande hiki, hali yake ikoje leo? Au hujui?"

Mtafiti alitazama nyuma ya ukumbi, akaniachia mimi. Nikasimama.

"Kipande hicho ni changu," nikasema kwa Kiswahili. "Hali yangu ni nzuri. Nakata sare za shule hapo mjini."

Watu wote waligeuka. Kabla sijaketi, Baba naye akasimama, suti imemkaa, kofia kifuani. "Na yeye ni wangu," alisema.

Ukumbi ulicheka, kicheko kizuri, na wengine wakapiga makofi. Nilipoona wamechangamka nikaona nami niulize langu. "Upande wa kushoto uliobaki kichwani mwangu, nao unaota matawi mapya sasa hivi?"

Walimu wakatazamana. Yule mwenye mvi akavua miwani. "Binti," alisema, "hilo ni swali la shahada nyingine." Akamwelekea mtafiti. "Liandike." Naye akaliandika kweli.

Tulipotoka, Baba alikataa kwenda moja kwa moja nyumbani. Alitupeleka, mimi na mtafiti, katika mkahawa wa Westlands wenye vitambaa vya meza, mahali ambapo siku nyingine asingekanyaga kwa kuwa chai inaletwa maji ya moto peke yake na majani kando. Mhudumu alipokuja Baba hakuanza na chakula. Alisema, "Hawa wasichana wawili wamefundisha madaktari leo."

"Hongera," mhudumu alijibu, kalamu mkononi. "Mtakula nini?"

"Lete chochote ambacho madaktari hula," Baba akasema.

Sitaki mtu adhani mambo yaliisha kama hadithi. Niliendelea kumeza vidonge, ingawa vichache, na mara moja, baada ya mafua makali na usingizi haba, ile harufu ilinijia nikiwa nimeshika mswaki. Sikuondoka, lakini niliketi sakafuni kando ya beseni hadi ilipopita, na nikalia. Daktari akasema ni jambo la kawaida, akanirekebishia dawa. Lakini vidonge vilitoka nyuma ya sahani za wageni vikawekwa mezani, karibu na chumvi. Na Jumapili moja Baba alisimama kanisani wakati wa matangazo, akasema kwa Kikuyu chepesi kwamba binti yake alikuwa na kifafa, ametibiwa, na yeyote aliyenacho nyumbani aache kukificha. Alisema neno lenyewe. Alilitamka polepole, kama mtu anayejaribu daraja jipya. Baada ya ibada watu walimfuata nje, wakimuuliza kwa sauti za chini, naye akiwajibu kwa sauti ya kawaida.

Daktari wa upasuaji naye aliniomba niwe nikipita wodini kuzungumza na wanaosubiri. Duka lilikuwa likinipa ruhusa Jumatano alasiri. Wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo, mwalimu wa shule, amenyolewa tayari, mkewe ameketi kando akimenya chungwa ambalo hakuna aliyelila. Sikuwa na maneno makubwa. Niliketi kwanza, kisha nikainua nywele nikamwonyesha kovu langu, nikamwambia alitazame vizuri.

Alilitazama, akasogeza uso karibu. "Inauma?" akauliza.

"Kichwa si sana," nikamwambia. "Ni taya. Utashindwa kutafuna siku kadhaa. Mwambie mama akuletee uji."

Mkewe akaweka chungwa chini. "Wa wimbi ama wa mahindi?" aliniuliza, na tukaanza kuzungumza.